Nukta za Mzee wa Ramani

Watu wetu wa Stockholm walimwita Mzee wa Ramani, na mimi nilimwita hivyo nilipomzungumzia kwa wengine. Mbele yake nilisema Mzee tu. Jina lake lilikuwa mlangoni, juu ya tundu la barua, lakini sikuwahi kulitamka na sitaliandika hapa. Alizaliwa lini, na ukoo wake huko Tanga ulikuwa upi, sijui. Nilimwuliza mara moja, akaniambia niangalie maziwa jikoni yasije yakamwagika. Ndivyo alivyofunga mazungumzo asiyoyataka.

Ninachokijua nimekipata kwa miaka ya kuingia kwake siku mbili kila juma, tangu mwishoni mwa miaka ya sitini. Kazi yangu ilikuwa kusaidia wazee majumbani mwao: kufagia, kupika, kwenda dukani, kuwakata kucha wasioweza kuinama. Ofisi ilinipa orodha ya Waswidi, na jina lake lilikuwa la mwisho. Mama wa ofisini alifurahi sana, akasema tutaelewana kwa kuwa sote tumetoka Afrika. Mimi kwetu ni Bukoba. Nililetwa huku na familia ya wamisheni niwe yaya wa watoto wao, na watoto walipokua nikabaki. Nimesoma hadi darasa la sita. Naeleza haya ili msomaji ajue ni macho ya nani yaliyomtazama mzee huyu. Macho ya mtu mwingine labda yangeona zaidi.

Alikaa Farsta, kitongoji cha Stockholm, ghorofa ya tatu, chumba kimoja na jiko. Dirishani uliona treni zikiingia stesheni na watu wakitoka na mifuko ya dukani. Siku ya kwanza nilibisha nikasema shikamoo. Akaniitikia marahaba, akanitazama viatu, akaniuliza kama mikono yangu ina mafuta.

"Nimejipaka asubuhi," nikasema.

"Basi leo usiguse kitu ila ufagio."

Nilidhani nitaona ramani ukutani, maana nilikuwa nimeshasikia habari zake. Kuta zilikuwa tupu kabisa, hata kalenda haikuwapo. Alisema mwanga unakula karatasi, na mtu anayetundika ramani ya zamani dirishani ni sawa na anayeanika nyama akitegemea mbwa wamwonee haya. Ramani zake zilikaa ndani ya majalada makubwa ya kadibodi, chini ya kitanda, juu ya kabati, na nyingine juu ya mlango wa mbao alioulaza kwenye viguzo viwili ukawa meza. Chumba kilinuka karatasi kuukuu na uji wa ngano, kwa kuwa uji wa ngano ndiyo gundi pekee aliyoikubali.

Zote zilikuwa ramani za nchi za watu wasemao Kijerumani, zilizopigwa chapa miaka mia mbili au zaidi iliyopita: Bavaria, Saksonia, milima ya Austria, pwani ya Baltiki, na kwa wingi zaidi zile nchi za mashariki ambazo siku hizi zimo ndani ya Polandi na Chekoslovakia. Ya Afrika hakuwa nayo hata moja. Jambo hilo liliwakera vijana wetu. Wakati ule walikuwa wanakuja wengi, wanafunzi na waliokuja kujifunza kazi katika viwanda vya Södertälje, na kila sikukuu ya Uhuru tulikodi ukumbi tukapika pilau. Mzee alikuja akiwa na koti lake jeusi, akala kidogo, akakaa karibu na mlango. Mwaka mmoja kijana mmoja wa siasa alimsimamia mbele ya watu wote akamwuliza kwa nini anatunza ramani za watu waliotutandika viboko.

Mzee akafuta mdomo kwa kitambaa. "Wewe viboko vya Mjerumani umevisoma," akasema. "Mimi niliinamishwa. Sasa nani amwulize mwenzake?"

Watu wakacheka, na kijana akacheka pia baadaye kidogo, akaenda kumletea soda. Lakini swali halikujibiwa. Mimi ndiye niliyekuwa nafagia chini ya kitanda chake, na mimi pia nilikuwa najiuliza.

Nikisema aliwapenda Wajerumani nitakuwa nasema uongo. Akisikia Kijerumani kwenye treni alihamia behewa jingine, hata kama waliokuwa wakiongea ni watalii wawili wazee wenye kofia za jua. Alikuwa ameishi Hamburg miaka mingi kabla ya vita. Alifika kwa meli kama baharia, kisha akawa anawafundisha matamshi ya Kiswahili watu wanaojiandaa kuja kwetu. Kutoka Uswidi kwenda kule ni meli ya siku moja, lakini hakukanyaga tena. "Nchi ile naitaka ikiwa karatasi," alisema. Hata hivyo alipopima upana wa ramani kwa rula alihesabu kwa Kijerumani, kwa sauti ya chini, na akikosea alijilaani kwa Kijerumani.

Kulikuwa na mengine kama hayo. Alikuwa mkali wa dini: hakukosa sala, na Ramadhani alifunga hata pale daktari alipomkataza. Lakini Ramadhani zile za Desemba, jua linapozama saa tisa mchana, alifuturu kwa aibu. Alisema anajiona kama mtoto anayemwibia Mungu. Alikuwa bahili wa chakula, akinywa chai ya majani yaliyokwisha kuchemshwa jana, lakini kila Ijumaa alipika wali wa nazi. Nazi haikuwapo, basi alinunua zile chicha kavu za kuokea keki, akaziloweka katika maziwa ya moto, akazikamua kwa soksi safi aliyoiweka kwa kazi hiyo tu. Alinipa sahani ya kwanza mimi. Akinitania kwamba sisi Wahaya tukikosa ndizi tunaugua, nami nikimjibu kwamba wao watu wa Tanga wakikosa cha kusema ndio wanaougua, mdomo wake ulicheka. Sikuwahi kuyaona macho yake yakicheka.

Baada ya mwaka mmoja hivi aliniruhusu kugusa ramani. Kwanza kuosha mikono kwa maji baridi na sabuni ya kipande, kisha kukausha hadi katikati ya vidole. Karatasi huinuliwa kwa mikono miwili, kwenye pembe zinazopishana, haivutwi. Alinifundisha kuishika mbele ya dirisha ili kuona alama ya maji ya mtengeneza karatasi, ambayo haionekani ikilazwa mezani. Alinifundisha kupitisha kidole pembeni nikasikia kishimo kilichoachwa na bamba la shaba lilipobanwa kwenye karatasi. Ramani isiyo na kishimo hicho, alisema, ni ya jana, hata ikipakwa chai ionekane kuukuu. Kama mgongoni kulikuwa na maandishi aliyatazama kabla ya kutazama nchi yenyewe, kwa sababu maandishi ya nyuma ndiyo yanayosema ramani ilikatwa kutoka kitabu gani.

Penseli aliitumia laini tu, na mkono uwe mwepesi kama unaandika juu ya ngozi ya mtoto. Niliwahi kubonyeza nikiandika namba pembeni, akaninyang'anya penseli. Alisema unaweza kufuta alama ya penseli lakini huwezi kufuta kishimo, na karatasi ile itabaki na kosa langu sisi wote tukiwa tumekufa.

Uchafu wa juu juu uliondolewa kwa mkate. Unachukua mkate mweupe wa jana, unatoa sehemu ya ndani, unaufinyanga kuwa donge, unasugua taratibu kwa mduara, kisha unapangusa makombo kwa brashi ya manyoya. Mara ya kwanza nilitumia mkate wa nyumbani kwangu, ule mweusi wa hapa, wa nafaka iitwayo rai, ambao hutiwa asali ya sukari. Donge likanata juu ya ramani ya Tirol, likaacha michirizi ya kahawia milimani. Nilisubiri anifukuze. Alikaa akaitazama kwa muda, akasema sasa Tirol imepata barabara. Ile ramani aliihifadhi hivyo hivyo na hakuniruhusu niirekebishe.

Jumamosi alikwenda Gamla Stan, mji wa kale, kwenye duka la vitabu vya zamani, na nikiwa na nafasi nilimsindikiza. Mwenye duka alikuwa Mswidi mnene mwenye kikohozi. Mzee aliniambia kwamba miaka ya mwanzo yule bwana alimfuata rafu kwa rafu akichunga asiibe. Mimi nilipoanza kwenda, mambo yalikuwa yamegeuka: bwana yule alimletea kiti, akamwekea karatasi mezani, na kumwuliza rangi ile ni ya zamani au ya juzi. Mzee alijibu, lakini hakumpenda, kwa sababu alikuwa anakata vitabu. Kitabu kizima cha ramani kikiingia dukani, yule bwana alichukua wembe akakifungua kama samaki, akauza karatasi moja moja. Mzee alizinunua na njia nzima ya kurudi alilalamika kwamba ameshiriki mauaji.

Jambo moja nililiona tangu mwanzo na sikuliuliza. Kila Jumatatu aliandika barua moja. Alizivaa nguo zake kana kwamba anatoka, akakaa mezani, akaandika ukurasa mmoja kwa Kijerumani, na barua zote zilikuwa na urefu ule ule. Mimi ndiye niliyezipeleka posta. Nilidhani anawaandikia wauzaji wa ramani. Majibu yalikuja machache. Aliyasoma amesimama, akaenda kwenye meza yake ya mlango, akafungua jalada fulani, akainama juu yake kidogo, akalifunga. Majalada yale ya mashariki hakuniruhusu kuyafungua. Ramani nilizosafisha ni zile alizonunua karibuni. Nilifikiri anauhurumia mgongo wangu.

Ikaja ile baridi ambayo petroli ilitolewa kwa kadi. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili, akawa anaigusa meza kabla ya kuweka kikombe. Alilazwa hospitali apasuliwe, na wakati ule mgonjwa wa macho alilala siku nyingi bila kugeuza kichwa. Mimi nilikuwa na ufunguo. Nikaona nimtendee jema. Akirudi na macho mapya azikute ramani zake zote safi, hata zile za mashariki alizozifungia kwa miaka.

Nilinunua mikate miwili myeupe nikaiacha ilale. Nilifanya kazi ile kwa moyo wangu wote, mchana baada ya mchana, jalada baada ya jalada. Karatasi nyingi zilikuwa na vidoa vidogo vya kijivu karibu na majina ya vijiji, kimoja hapa, viwili pale. Nikadhani ni vinyesi vya nzi. Ramani zile zilikuwa zimeishi katika nyumba za watu miaka yote ile, na Mzee mwenyewe aliwahi kunionyesha kinyesi cha nzi kando ya mji mmoja wa Bavaria, akasema huyo nzi amemzidi mfalme umri. Nikasugua. Vilitoka kwa urahisi. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, kwa sababu kinyesi cha nzi hakitoki kwa mkate, na hilo nilikuwa nimefundishwa. Sikushtuka. Nilikuwa nawaza jinsi atakavyofurahi.

Alirudi na miwani minene iliyoyafanya macho yake kuwa makubwa kama ya samaki. Mlima, mnara, treni, vyote aliviona. Kisha akakaa mezani, akafungua jalada, akachukua kioo chake cha kukuzia, akainama. Alikaa hivyo hadi chai ikapoa.

"Daktari ameniondolea ukungu," akasema, "na nukta zangu ameondoka nazo. Naona majina, nukta sizioni."

"Nukta gani, Mzee?"

Hapo ndipo aliponieleza, na nilikuwa nimesimama na ufagio mkononi.

Hamburg alikuwa na mwanamke na mtoto wa kike. Vita vilipopamba moto, mtu wa rangi yake hakuwa na usalama kule. Alipata kazi kwenye meli ya Kiswidi iliyokuwa imepeleka chuma kule, akashuka Uswidi na hakurudi melini. Mtoto alikuwa na miaka minne. Mpango ulikuwa mama na mtoto wafuate. Badala yao ilikuja kadi moja ya posta: mama amempeleka mtoto kwa dada yake, mahali panaitwa Neudorf, kwenye kinu cha kusaga nafaka, vijito viwili vinapokutana, asiwe na wasiwasi. Miezi michache baadaye mtaa waliokaa Hamburg ulipigwa mabomu ukaungua, na mama akafia humo. Muhuri wa posta kwenye kadi ulikuwa umelowa maji, hausomeki. Jina la mume wa yule dada hakuwahi kulijua.

Neudorf maana yake ni kijiji kipya. Aliniambia nchi zile zina vijiji vya jina hilo kila upande, kwa sababu kila watu walipofyeka msitu wakajenga waliona hakijapata kuwapo kijiji kipya zaidi ya chao. Ofisi za kutafuta waliopotea vitani zilikuwa zimemjibu kwamba hazina habari. Ramani mpya hazikumsaidia: za mashariki zimebadilishwa majina, na hakuna ramani ya siku hizi inayoonyesha kinu cha kijijini. Zile za zamani zinakionyesha. Mchongaji alichora gurudumu dogo kama la saa, kando ya kijito, popote penye kinu. Ndiyo maana alianza kununua. Alitafuta kila Neudorf, akaangalia gurudumu, akaangalia vijito, akamwandikia padri au mkuu wa mahali pale. Akishaandika aliweka nukta moja ya penseli kando ya jina. Wakijibu kwamba hawamjui mtoto wa namna hiyo, aliongeza ya pili. Penye nukta mbili pamekwisha. Pasipo na nukta bado.

Nilimwuliza kwa nini hakuandika kwenye daftari.

"Nimeona watu wakichukuliwa kwa sababu ya daftari," akasema. "Daftari mtu yeyote anasoma. Nukta anasoma mwenyewe."

Kisha akanisogezea kiti. "Njoo, mwanangu. Macho yako mazima. Nisomee. Hapa, nukta ngapi?"

Nilitazama. Karatasi ilikuwa safi. Sikuogopa kufukuzwa kazi, kazi za kufagia zilikuwa nyingi. Niliogopa uso wake. Nikasema, "Moja."

Akaitikia kwa kichwa. "Moja. Wale hawajajibu. Na hapa?"

"Mbili."

Baridi nzima tulifanya hivyo, na mahali niliposema hapana nukta, Jumatatu aliwaandikia. Natamani niandike kwamba nilisema uongo kwa huruma tu, lakini haikuwa hivyo siku zote. Nukta mbili zilimaanisha tusonge mbele. Siku nilizochoka, au nilipokuwa natazama saa ya treni yangu, nilisema mbili. Kulikuwa na Neudorf moja katika vilima vya mashariki, kwenye karatasi yenye tundu la mdudu kwenye kona, iliyokuwa na gurudumu na vijito viwili vikikutana kabisa chini yake. Alikiweka kioo pale muda mrefu. "Na hii?" akauliza. Nilikuwa nimeshavaa koti. Nikasema mbili. Akashusha pumzi, akasema, "Basi si pale," akaigeuza karatasi.

Kisha majibu ya ajabu yakaanza kufika. Padri mmoja aliandika kwa upole kwamba walikwisha kumjibu swali hilo hilo zamani na wanamwombea. Mwingine akaandika vivyo hivyo, bila upole. Mzee alizisoma amesimama, akazikunja. Alianza kujipima: alitaja sura za Kurani kwa sauti, alitaja mitaa ya Tanga tangu bandarini. Akiikosa moja alianza tena tangu mwanzo. Yule mama wa ofisini alipokuja kumwangalia, Mzee mwenyewe alimwambia kwa Kiswidi chake kilichonyooka kwamba kichwa chake kimeanza kuharibika, anawaandikia watu mara mbili bila kukumbuka. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia kila neno, nikaendelea kuosha sufuria.

Majani yalipoanza kudondoka walimhamishia nyumba ya wazee. Ilikuwa ni nyumba nzuri, yenye maua kwenye ngazi. Ramani aliniachia mimi nizitunze, zikahamia chumbani kwangu. Nililala juu yake kama yeye alivyolala, na sikulala.

Mwisho wa msimu huo nilikwenda kumwona, nikamkuta amekaa karibu na dirisha na mikono juu ya magoti. Mwenzake wa chumbani, Mswidi asiyesikia, alikuwa anakula biskuti. Nikasema shikamoo, akaitikia. Nikasema nilichokwenda kusema kabla sijakaa.

"Mzee, kichwa chako hakina kasoro. Na macho si mabaya. Nukta nilizifuta mimi, ulipokuwa hospitali. Kwa mkate."

Alinigeukia taratibu na yale macho makubwa. "Mkate gani?"

"Mweupe. Wa jana."

"Basi zilitoka vizuri," akasema.

Sikujua kama anatania. Mswidi alivunja biskuti nyingine.

"Na ulizokuwa unanisomea?"

"Nilizitunga."

"Zile mbili mbili?"

"Zote, Mzee."

Alisema neno moja la Kijerumani, si kwa sauti kubwa. Sikulijua, na sijamwuliza mtu hadi leo. Kisha akaniambia niende. Juma lililofuata muuguzi alinizuia ukumbini, akasema mzee hataki mgeni, na juma lililofuata vivyo hivyo. Nilimwachia muuguzi chicha za nazi na soksi safi. Sikujua nimpelekee nini kingine.

Aliniita mwishoni mwa Machi, theluji ikidondoka kutoka mapaani. Alimwambia muuguzi anipigie simu na maneno yalikuwa machache: nije na karatasi yenye tundu la mdudu, na penseli. Sikuhitaji kuuliza ni karatasi ipi. Hata yeye, miezi yote ile, alikuwa hajaisahau.

Nilimkuta amevaa koti lake jeusi juu ya nguo za kulalia. Alikuwa amekonda, na shingo haikuijaza kola. Hakuniuliza habari za nyumbani. Tulisukuma sinia ya chakula pembeni, nikafungua jalada, nikailaza karatasi kitandani.

"Nisomee," akasema.

"Hakuna kitu, Mzee."

"Tazama vizuri."

"Hakuna nukta hata moja. Kuna gurudumu, na vijito viwili."

"Hakuna kitu," akarudia. "Sasa unasoma."

Aliniamuru niandike, kwa kuwa mkono wake ulitetemeka. Alinitajia herufi moja moja, na mimi niliziandika bila kuelewa, ukurasa mmoja, urefu ule ule. Ilichukua mchana mzima. Mara mbili alisinzia nikangoja. Alipofika kwenye jina la mtoto alilitaja haraka, halafu akalirudia polepole ili nisilikosee. Mwishoni alitia sahihi mwenyewe, nami nikainakili kwenye karatasi nyingine kabla ya kulamba bahasha.

Hakuniambia amenisamehe. Sitaandika kwamba aliniambia.

Nilipokuwa nakunja jalada akanizuia kwa kidole. "Nukta," akasema. "Tumeandika, weka nukta."

Nikachukua penseli, nikaishika kwa mkono mwepesi kama alivyonifundisha, nikaigusisha karatasi kando ya lile jina.

"Bonyeza," akasema.

Nilimtazama nikidhani nimesikia vibaya. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya vilima vile, miwani ikikaribia kugusa karatasi.

"Bonyeza, mwanangu. Safari hii bonyeza."

Nikabonyeza mpaka ncha ikavunjika.

Alifariki kabla majani hayajatoka. Tulikuwa watu wanne kwenye maziko, pamoja na yule mwenye duka na kikohozi chake, ambaye mlangoni aliniuliza kama nauza. Nikasema siuzi. Barua ile haikujibiwa, wala haikurudi, na sasa ni mwaka wa tatu. Ile nakala niliyoandika kwa herufi zake ninayo. Kila Jumatatu nainakili, nabadilisha jina la mahali tu, naipeleka posta ya Farsta. Karatasi nilizozisafisha sizisugui tena kwa chochote.

Nukta ile ipo. Kwa mbele ni ndogo, mgeni angeweza kuidhania kinyesi cha nzi. Lakini ukiigeuza ramani na kupitisha kidole mgongoni mwake, taratibu, utafika mahali utakapoihisi.